Shahidi wa Baba ni Mtani Wake

Ijumaa, 25 Julai 2025

Leo wamemvua Baba medali. Mbele za watu!

Siku ya Mashujaa, uwanja umejaa, watoto wa shule wamepangwa na vibendera vyao, na mimi Mwatumu nimesimama pale na dera jipya, najiona binti wa mtu. Baba alikuwa kwenye mstari wa wazee waliopigana vita ya Kagera. Koti nimelipiga pasi mwenyewe. Akaja afande mmoja, mgeni hapa Biharamulo, na orodha yake ya uhakiki. Anaita jina, anatazama karatasi, anasogea. Akafika kwa Baba. Abdulkarimu Haji: kumbukumbu zinaonyesha alibaki nyuma, hakuvuka mto, hana medali ya vita. Samahani mzee wangu, kuvaa medali ambayo hukutunukiwa ni kosa. Naomba uivue.

Kwa heshima alisema, sikatai. Shikamoo alitoa. Lakini alisema, na kipaza sauti kilikuwa karibu.

Baba hakubisha. Vidole vyake siku hizi vinatetemeka, pini ikamshinda, afande akamsaidia. Akaitia mfukoni. Na mimi mwenye mdomo huu unaoogopwa soko zima — kimya! Maneno yamekuja sasa hivi, nikiwa jikoni peke yangu. Yana faida gani sasa?

Hakula. Ijumaa hii hakwenda hata msikitini. Nina hasira mpaka mkono unauma kuandika.

Jumatatu, 28 Julai

Nimekwenda kwa huyo afande. Anaitwa Philbert. Njia nzima napanga maneno ya kumkomesha. Nikafika, akanivutia kiti, akaniuliza Mzee anaendeleaje. Astaghfirullah, mtu mpole! Nikazidi kukasirika kwa sababu sikuwa na pa kushika.

Amenieleza. Jalada la Baba linasema siku ya kuvuka, majina yalipoitwa, hakuitikia. Basi akaandikwa amebaki. Baadaye kuna kikosi kingine kilimpa medali, lakini hakuna aliyerekebisha jalada. Inawezekana kusahihishwa. Ninachotakiwa kuleta ni shahidi mmoja, askari wa platuni yake, aliye hai, aape kwamba alimwona ng'ambo. Halafu akaongeza, kama kwa kunionya, kuwa uhakiki unakata pande zote. Aliyejificha wakati wenzake wanavuka anafutwa na kuvuliwa medali, hata kama jalada lake ni safi.

Nilitoka nacheka. Shahidi! Si tunaye Mzee Shibuda wa Kaniha, mtani wa Baba, platuni moja naye?

Nilipomtajia Baba jina hilo alitabasamu, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha akasema tumwache Shibuda na ng'ombe wake. Nikasema haiwezekani. Akageukia ukutani.

Alhamisi, 31 Julai

Kaniha. Bodaboda imenitikisa mpaka nyonga.

Mzee Shibuda yuko vilevile, mrefu, kofia ileile, kelele zilezile. Sijamaliza shikamoo ananiuliza kama nimeletwa kulipa deni la babu zangu, Wazigua wa Pangani, waliokula ng'ombe wa babu zake. Hakuna ng'ombe wala deni. Ndiyo utani wetu na Wasukuma. Sikukuu ya Idi anakuja kwetu na kunyakua nyama kwenye sahani ya Baba. Mama alipofariki alijilaza mlangoni, akazuia jeneza lisipite mpaka apewe jogoo, na watu tukacheka huku tunalia. Siku ile ningemkumbatia.

Na hadithi yake moja, ya miaka yote. Eti siku ya kuvuka mto Kagera, Baba alisikia mzinga wa kwanza akatumbukia kwenye shimo la kuvundikia ndizi. Wenzake wakaenda, wakapigana, wakashinda, wakarudi wakamfunua majani — Mswahili ameiva! Ameiva pamoja na ndizi za pombe ya rubisi! Baba huicheka hadithi hiyo mpaka anafuta machozi. Nimeisikia tangu sijaota meno.

Nilipomweleza habari ya ofisini, Mzee Shibuda aliacha kucheka. Akasema atakuja. Bintiye Kwandu amenipa maziwa ya mgando, kibuyu kizima. Nimerudi na moyo mweupe.

Jumatano, 6 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mzee Shibuda alikuja, medali kifuani, wajukuu wawili pembeni wamemsindikiza. Baba alikuwa amenyoa ndevu. Akaapishwa. Afande akauliza, je, ulimwona Abdulkarimu Haji akivuka? Na yeye — yeye! — akacheka kile kicheko chake. Huyu? Avuke? Huyu alikuwa shimoni na ndizi!

Wajukuu wakaangua kicheko. Baba naye akacheka. Mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikidhani ni ya kufungulia tu, sasa atasema. Afande hakucheka. Alisema utani anaufahamu, hata kwao upo, lakini hapa ni kiapo. Akamuuliza mara ya pili, taratibu. Mzee Shibuda akawatazama wajukuu wake. Akasema, shimoni. Akaweka dole gumba.

Imeandikwa! Kwamba Baba alijificha!

Nilimfuata nje nikamwambia maneno ambayo binti haambii mtu wa umri ule. Akawashika wajukuu mikono, wakaondoka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Mji una shamrashamra, mimi nimefungua duka nusu mlango. Wateja wananiangalia kwa huruma, sitaki huruma, nunueni kitenge muende.

Jambo moja halinitoki. Mara ya kwanza ni utani, nakubali, mdomo umezoea. Lakini ya pili? Mtani anajua pa kukomea. Hata pale mlangoni, na jeneza la Mama, alijua pa kukomea. Nimemuuliza Baba. Amesema, mwache. Nimemuuliza tena. Mwache, Mwatumu!

Sauti hiyo sijaisikia tangu nikiwa mtoto.

Jumanne, 12 Agosti

Murusagamba, wilaya ya Ngara. Nalala kwa wenyeji, kesho narudi. Vumbi mpaka kwenye meno, lakini nimempata.

Baba alikuwa akimtaja Juvenali, dereva wa siku ile ya kuvuka. Raia tu, lori lake lilichukuliwa kubeba askari. Ni mzee sasa, mguu mmoja hauna nguvu, amekaa upenuni anachambua maharage na mkewe. Kanisalimu kwa Kihangaza, nikaishia kucheka kama zuzu, ndipo akahamia Kiswahili. Nilipojitambulisha alinishika mkono asiuachie. Binti wa Abdulkarimu! Mkewe akafukuzwa akachume ndizi, mgeni ale.

Nikamuuliza habari ya shimo. Akasema ndiyo, shimo lilikuwepo. Akanionyesha upana wake kwa mikono.

Aliyekuwa ndani ni Shibuda.

Mizinga ilipoanza kijana yule aliingia mle akajifunika majani, akagoma kutoka. Lori linaondoka. Baba akaruka chini, akarudi, akamshika miguu akamvuta, Shibuda analia, ananyea suruali — Mzee Juvenali aliomba radhi kwa kunitajia. Akambeba mpaka kwenye lori. Lilikuwa limejaa, nafasi ya mtu mmoja tu. Baba akamsukuma Shibuda juu, akampigia Juvenali bodi, endesha! Ng'ambo majina yakaitwa. Shibuda akaitikia. Baba hakuwepo. Alifika kwa miguu baadaye akajiunga na kikosi kingine, akapigana nao hadi mwisho.

Mzee Juvenali yuko tayari kuapa, lakini si askari, ushahidi wake hautoshi. Alidhani jambo hili kwetu linajulikana. Nilikula ile ndizi sikusikia ladha.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemwambia Baba ninachokijua. Alikuwa anatia udhu, akaendelea mpaka akamaliza. Nilitaka nimtikise.

Akasema walipopewa likizo ya kwanza walikwenda pamoja kwa kina Shibuda. Baba mzazi wa Shibuda akauliza mbele ya ukoo mzima vita ikoje, kijana akababaika, akaropoka ile ya shimo, akampachika mtani wake. Watu wakacheka sana. Baba naye akacheka. Basi ikawa hivyo. Akaniuliza mimi ningefanya nini pale. Nikasema ningekataa! Akasema ndiyo, najua.

Ameniomba nisiseme ofisini. Shibuda akifutwa, atatazamana vipi na wajukuu? Nikamuuliza, na wewe? Wewe unatazamana vipi na watu pale msikitini? Akatandika mswala wake. Nampenda baba yangu na leo nimemchukia, yote kwa pamoja.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda Kaniha bila kuaga. Nilimkuta Mzee Shibuda zizini. Sikutoa hata shikamoo. Nikasema tu, nimetoka kwa Juvenali.

Aliketi chini, kwenye samadi, na kanzu yake safi. Akalia. Sijawahi kuona mzee wa Kisukuma akilia na sitaki kuona tena. Akasema, angekataa mwenzangu siku ile ya kwanza, angekataa tu mara moja, yangekwisha. Yeye akacheka. Kila mwaka namsimulia nikitumaini atakataa. Anacheka!

Mimi niliyekwenda na mate ya kumtemea nikajikuta namfuta samadi. Jumatatu atakuja. Amesema atakuja peke yake.

Jumatatu, 18 Agosti

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi. Afande ametoka kupokea simu, amesema akirudi anaanza na mimi.

Mzee Shibuda alikuja kama alivyoahidi. Lakini Kwandu alimfuata, na wale wajukuu, hakuweza kuwazuia. Wakaingia wote. Nilidhani atageuka. Hakugeuka! Alisimama, akafungua medali yake, akaiweka mezani. Akasema safari ile alisema uongo. Aliyekuwa shimoni ni yeye Shibuda, na Abdulkarimu ndiye aliyemtoa, na baadaye alimwona ng'ambo kwa macho yake. Sauti haikupanda wala kushuka. Kwandu akaziba mdomo. Mjukuu mdogo akauliza, babu unatania? Nikasema moyoni, alhamdulillahi, yamekwisha.

Baba akaanza kucheka.

Akacheka kwa nguvu, kicheko chake cha Idi, anajipiga paja. Afande, usimsikilize Msukuma huyu! Ameniona nimekonda anataka kuninyang'anya shimo langu! Shimo ni langu, ndizi ni zangu, niliiva mwenyewe! Watani ndivyo walivyo, leo anakupa, kesho anakunyang'anya. Akaiokota medali pale mezani. Vidole vinatetemeka vile. Akambandika mwenzake kifuani, na pini, Wallahi, safari hii ikaingia mara moja. Wajukuu wakapumua, wakacheka.

Mzee Shibuda anasema, mimi sitanii, afande, sitanii. Kila akisema wanazidi kucheka.

Afande Philbert akaweka kalamu chini. Akanigeukia. Dada Mwatumu, mleta maombi ni wewe, hawa wazee unawajua wote wawili. Hebu nisaidie. Nani hapa anatania?

Ndipo simu ikalia, nami nikatoka hapa benchini.

Dirisha liko wazi, nawaona. Kwandu anamkung'uta babaye vumbi begani. Mzee Shibuda ameinama, ameifunika medali kwa kiganja. Baba bado anatabasamu, lakini ananitazama mimi, hapa nje, na macho yake hayatabasamu. Amelivaa lile koti. Palipokuwa na pini kuna vitundu viwili, nimeviona asubuhi nikilipiga pasi, sikujua nivifiche vipi.

Afande amerudi. Ananiita. Bismillahi —