Kioda na Masomo ya Posta

Liuli, Jumamosi jioni

Mwanangu Upendo ametoka kucheza kioda, ngoma yetu ya wanawake, hapa sasa hivi, peke yake, kavaa gauni langu jeupe la ngoma na mkononi kashika kitabu changu cha hesabu kama usinga. Nimecheka mpaka machozi.

Wiki ijayo nina mtihani wa kidato cha pili, wa haya masomo ya posta ninayosomea nyumbani. Wiki hiyohiyo kikundi chetu cha kioda kinashindana na wanawake wa kijiji jirani. Mimi niliishia darasa la saba. Nikifeli sasa, sijui kama nitathubutu tena.

Mchana tukifua ziwani, Agnesi, mwenzangu wa kioda, alinisema mbele ya wenzetu: "Mama Upendo siku hizi msomi. Sisi wa kutimua vumbi la ngoma hatumfai."

"Ngoma naipenda, dada," nikamjibu. "Lakini mazoezini nacheza nyimbo mbili tu, kisha narudi kusoma."

Akainamia nguo zake, akaendelea kufua. Iliniuma, maana ndiye aliyempokea Upendo nilipojifungua. Hata hivyo siachi kimoja. Nitasoma alfajiri uji ukichemka, na—

"Mama Upendo! Njoo mazoezini, na kitabu ulete! Tukipumzika tutakuuliza maswali!"

Agnesi huyo, ananiita toka nje. Kumbe mchana hakukasirika, alikuwa akiwaza namna ya kunisaidia. Naenda.