Kompyuta ya Skola Haikufa

Pemba

Dada Zainabu, shikamoo. Hujambo wewe, na kifua cha mama kimetulia? Shemeji naye? Mimi mwili mzima, dada, ila uso wa kukutazama sina.

Kazi nilipata, hilo kweli. Tangu gesi ionekane, Pemba hii yetu ya bara imejaa wageni, na ofisi moja inayowapelekea vyakula ilinipa kompyuta iliyogoma kuwaka. Nikatia diski, ikawaka. Siku ile ile wakaniita técnico, fundi kwa Kireno chao, nami nikaitika!

Diski yenyewe ni ya skola yenu hiyo unayofundisha. Niliondoka nayo huko kwetu Namoto kwenye mfuko wa shati. Unakumbuka nilivyokuja kila asubuhi kukuwashia kompyuta, nakuomba utoke nje kwanza, kisha unanipa chai? Hapakuwa na ufundi wowote. Kompyuta yenu ni nzima, imepoteza tu pa kuanzia, na diski ndiyo inayoionyesha. Ni ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yenu na hii ya hapa, na kompyuta yoyote ya Linux inaiwasha. Kilichomo ndani ya kompyuta yenu kimo vile vile.

Ulipopiga simu unalia kwamba majina ya watoto wa mtihani yamo ndani na haiwaki, diski ilikuwa mezani mbele yangu. Nikakujibu, "Imekufa hiyo dada, msihangaike." Nawe ukasema, "Ahsante mdogo wangu, wewe ndiye unayejua." Wallahi neno lile linanichoma mpaka leo. Sasa nasikia wazazi wanasema mwalimu Zainabu kaua mashine, na diretor, mkuu wenu wa skola, anataka kukutoa ofisini. Naona haya, dada. Naona haya hata kuandika.

Nilitaka kuinakili kwanza nibaki na yangu, nikaharibu diski tatu tupu. Fundi gani huyo! Basi nakutumia hii hii, anayo mama muuza vitenge anayekuja huko. Itie, zima, washa tena. Maneno meupe yakitokea bonyeza Enter, halafu subiri, usiguse kitu. Hapa kompyuta yao ikigoma tena bila diski wakanifukuza, na wanifukuze.

Nisalimie mama, shemeji, na mzee mlinzi wa skola aliyekuwa ananifungulia mlango bila kuniuliza.

Ombi langu ni moja. Siku ya mkutano wa wazazi, simama uisome barua hii yote kwa sauti. Nakujua wewe, ukifika kwenye jina langu utataka kunisitiri. Usiliruke.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Salimu