Ariwara Si Congo

Jumatatu, tarehe 3 Novemba
Leo watu wa Arua walikuja hapa Koboko kufundisha sisi. Ng'ambo ya mpaka iko homa ya kutoa damu, wanasema, na senta yetu ya afya lazima ijitayarishe kabla haijafika. Enoch, kijana wao ya miwani, amesimamisha tenti nyuma ya maternity, wodi ya wamama kuzaa. Ndoo ya maji ya jiki, dawa ya kuosha mikono, kila mlango. Halafu akauliza nani atakaa geti. Wote wakaangalia mimi. Nani mwingine? Miaka kumi na moja nalinda hii geti, na kabla ya hapo jeshi.
Nimepewa bunduki ya kupima joto kwa paji la uso. Enoch akasema, "Mzee Zubeiri, hii haiui mutu." Nikamwambia inategemea nani ameshika. Walicheka sana.
Maswali iko tatu kwa buku. Iko na homa? Umetoka Congo? Umeshika maiti? Mutu akisema ndiyo, anaenda tenti, hapana kuingia ndani. Na hapana kupeana mkono. Tunasalimiana na kiwiko, kama kuku ya bawa kuvunjika.

Alhamisi, tarehe 6
Watu themanini na mbili. Nimeandika wote kwa mkono yangu. Sister Candiru, mkubwa wa senta, anasema maandishi yangu inapanda mlima, lakini amesoma. Mutu wa Congo hata moja hakuna. Nimeziba mpaka peke yangu.
Medina, jirani yetu wa kuuza samaki, alikuja. Kichwa inauma, mwili imechoka. Dada yake alikufa Ariwara, kule soko ya ng'ambo, na hatujaonana tangu arudi kwa kilio. Bunduki ikasema 37.9. Tenti inaanza 38. Nikauliza, umetoka Congo?
"Congo gani, Baba? Mimi natoka nyumbani."
Nikaandika hapana. Ile ya maiti sikuuliza — mutu amefiwa, utamuulizaje? Nikampa pole kwa mikono mbili. Mutu wa kilio humpi kiwiko. Akalia kidogo kwa bega yangu. Halafu akaenda kukaa kwa benchi na wamama wengine.

Jumamosi, tarehe 8
Medina anatapika damu. Jana walimlaza ndani, leo wamempeleka tenti. Damu ya kupima imepelekwa Arua.
Enoch alikuja mbio na buku yangu.
"Mzee, hapa umeandika hakutoka Congo. Mume wake anasema alikaa Ariwara siku nane. Aliosha maiti ya dada yake."
Nikasema najua. Si mimi nilimtumia sukari ya kilio?
"Ulijua?"
"Ariwara si Congo. Ariwara ni soko."
Hakuna mutu alicheka. Sister Candiru akakaa chini pole pole. Akasema hata yeye angejibu vile, samaki ya nyumbani kwake inatoka kule kila wiki. Enoch akavua miwani. Akafuta swali yake ya Congo, akaandika nyingine: umevuka kwenda soko? Umevuka kwenda kilio?
Halafu akauliza kama nilimgusa.
Nilisema hapana.
Sijui hiyo hapana ilitoka wapi. Ilitoka tu.

Jumapili, tarehe 9
Sikula. Wamama wa benchi wamefuatwa nyumbani, wote tano. Rabia anauliza kwa nini nalala kwa kiti. Nimesema mgongo. Bibi yangu, miaka arobaini ya ndoa, nimemdanganya mgongo.
Mikono nimeosha na jiki mpaka ngozi inatoka. Kwa vita nilikimbia mara moja tu, na hiyo siku nilikuwa mbele ya wote. Lakini risasi unasikia ikipita. Hii husikii kitu. Nagusa shingo. Moto? Si moto? Nagusa tena.

Jumatatu, tarehe 10
Medina amekufa alfajiri. Watu ya mavazi nyeupe wamemzika. Hakuna mutu aliyemwosha. Majibu ya Arua bado.
Nikaenda kwa Sister Candiru. Nikasema, nilimshika. Mikono mbili. Na bega.
Akarudi nyuma hatua mbili. Huyu mama anakula Idd kwangu kila mwaka. Hakunikaripia, heri angenikaripia. Aliweka karatasi juu ya jiwe, akasogea mbali.
"Andika kila mutu uligusa tangu Alhamisi. Kila mutu, Baba."
Sasa niko tenti, kitanda ya pili. Ya kwanza wamemwagia jiki. Naandika hapa kwanza, nisiharibu karatasi yake.
Rabia.
Siraji, Ijumaa msikitini, bega kwa bega.
Mgeni upande wa kushoto, kofia ya kijani. Jina sijui.
Aziz kinyozi. Kichwa yangu mzima alishika.
Hawah wa chai, nilimrudishia kikombe na mkono.
Mtoto ya mjukuu wangu Sumayah. Siku arobaini. Walinipa nibebe. Nilimsomea dua, nikampulizia kwa uso.
Sumayah mwenyewe amesimama nje ya kamba, mtoto kwa mgongo. Anaita, "Babu, wanasema unaandika majina. Yetu iko?"
Sister naye anauliza kutoka mbali kama nimemaliza.
Nimesema bado, hii ni mpaka Ijumaa tu. Jumamosi na Jumapili, zile siku nilikuwa najua na bado nikashika watu, sijaanza.