Neema anasubiri majirani Ujerumani

Neema anataka kuacha chuo, dada! Shikamoo. Ndiyo, huyu huyu mwanangu, wa kwanza kata yetu nzima ya Daudi kuchaguliwa kusoma mwaka mmoja Ujerumani. Nimefika huku kumwona, nimemkuta amekonda, mapazia kayafunga mchana. Miezi mitatu amekaa chumbani akisubiri majirani wa bweni waje na maziwa kumkaribisha mgeni, kama kwetu. Hakuna aliyekuja.

"Mama, hawanitaki," analia.

Mama wa usafi ametuambia huku mgeni ndiye anayegonga. Basi nikajifunga shuka langu, tukagonga milango yote kumi na mmoja, Neema akitafsiri. Nitawapikia ugali wa unga niliobeba. Asipotokea hata mmoja, narudi naye. Utuombee, dada yangu mpenzi. Tumewaambia waje Jumamosi.