Ng'ombe wa Mahari ya Shabani

Nairobi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Mama naye namwamkia kwa heshima. Kifua kimepata nafuu, au baridi ya Kwai bado inakusumbua? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hauna raha hata kidogo.

Shangazi ameniandikia kwamba humsemeshi Shabani tangu auze wale ng'ombe wawili wa nyumba ya Mama, na kwamba wazazi wa yule binti wa Lukozi anayemposa wamechoka kungoja mahari. Baba, mimi ndiye niliyemwandikia mdogo wangu awauze, wewe ukiwa Shume kwenye kazi ya kupasua mbao. Fedha zote alinitumia.

Ofisi yetu huuza hisa za makampuni. Nilijifunza kuchora bei kwenye karatasi ya miraba: mstari wa bei ya kila juma, na mwingine wa wastani wa majuma kumi. Wa bei ukipanda ukaukata ule wa wastani, wajuzi hununua. Basi mistari ikakatana kwa hisa za mkonge, nikajiona bingwa. Sikununua hisa zenyewe. Nililipia haki ya kuzinunua kwa bei ya siku ile ndani ya miezi mitatu. Zikipanda, ningerudisha ng'ombe wanne. Zisipopanda, malipo yote yanapotea. Hilo la pili sikumwambia Shabani.

Bei nilizitoa kwenye magazeti ya London, ambayo Bwana mkubwa akishasoma hunipa. Huja kwa meli, Baba! Nilichora mambo ya zamani, kumbe bei imekwisha anza kushuka. Hata siku ya kulipia, nilipoikuta bei iko chini kuliko kwenye mchoro wangu, nilifurahi nikidhani nimepata rahisi. Karani mwenzangu alicheka: "Athumani, simu za maandishi za bei kutoka London zinaingia hapa kila asubuhi, wewe unasoma ya mwezi jana?" Miezi mitatu ikaisha, nikabaki mikono mitupu.

Shabani alinyamaza kwa kuwa nilimwomba. Nilijua anabeba lawama yangu, nami nikaendelea kula na kulala. Naona aibu. Lile shamba la bondeni ulilonigawia, mpe yeye, viazi vyake vimsaidie kumaliza mahari. Mimi nitakuja kukupigia magoti.

Nisalimie Mama mkubwa, na Shangazi aliyenishtua.

Ni mimi mwanao, mwenye kosa,
Athumani

Shabani, najua ni wewe unayemsomea Baba hata kama hakusemeshi, na nakujua ulivyo: umeruka pale penye jina lako. Rudi juu, mdogo wangu, usome tena kwa sauti.