Kikao Maalum Kuhusu Kanda ya Mutheu

KAMATI YA KWAYA YA KANISA, KOLA

Tarehe: Jumamosi, 14 Julai 2001
Mahali: Ukumbi wa kanisa

Waliohudhuria: Mzee Kitheka (Mwenyekiti), Mwalimu Maundu (mwalimu wa kwaya), Bi. Kalondu (mjumbe wa akina mama), Nduku (Katibu)
Aliyeitwa: Mutheu, mwimbaji wa sauti ya kwanza
Aliyekosa: Muli, mpiga kinanda. Hakutoa udhuru, ila ndiye aliyepiga kinanda kwenye kanda inayojadiliwa.

KUMB. NA. 1/7/2001: MALALAMIKO
Mwalimu Maundu alieleza kwamba Mutheu alikwenda Nairobi akarekodi kanda yake mwenyewe ya kwanza, nyimbo za mapenzi za mtindo wa soul, bila kuarifu kwaya. Kwenye jalada alimshukuru hata msusi wake, lakini si mwalimu aliyemfundisha kuimba. Mwenyekiti aliuliza kama lalamiko linahusu wokovu au jalada. Mwalimu alijibu kwamba ni yote mawili, akapendekeza Mutheu aondolewe kwayani.

KUMB. NA. 2/7/2001: KUSIKILIZA KANDA
Bi. Kalondu alimtetea Mutheu, akisema amesikia neno "bwana" mara nyingi katika kanda hiyo. Ilifafanuliwa kwamba bwana huyo anaishi Tala.

Wimbo mmoja ulichezwa ili kamati ijiridhishe. Ulipokwisha, Mwenyekiti aliagiza urudiwe, kwa ajili ya haki. Mwalimu alionekana akipigapiga mguu. Alisema umekufa ganzi.

KUMB. NA. 3/7/2001: UTETEZI
Mutheu alikumbusha kwamba, mbele ya kwaya nzima, Mwalimu aliwahi kumwambia sauti yake ni ya kuita mbuzi. Alisema: "Nilitaka kujua kama ni ukweli, Mwalimu. Nikaenda kuimba mahali hakuna wa kunifunika."

Mwalimu hakukanusha. Alisema: "Hiyo siku ulikuwa umeimba vizuri sana. Niliogopa ukijua, utatuacha."

KUMB. NA. 4/7/2001: UAMUZI
Mwalimu aliondoa pendekezo lake. Kamati kwa kauli moja ilimsamehe Mutheu na kumruhusu abaki.

Mutheu alishukuru, akaeleza kwamba hakuja kuomba kubaki. Alikuja kuaga, kwani amepata bendi Nairobi. Alimshika Mwalimu mkono kwa muda, akatoka.

KUFUNGA
Mwalimu Maundu aliombwa afunge kwa sala. Alisimama, akaketi tena, Bi. Kalondu akaomba kwa niaba yake. Wajumbe walitawanyika saa kumi na moja jioni, Mwenyekiti akiwa na kanda mfukoni, kwa uchunguzi zaidi.

Sahihi:
Kitheka, Mwenyekiti
Nduku, Katibu