Mama wa Sifa Hakwenda Bukavu

Yaya,

Naandika, kaka yangu, nikiwa nimekukasirikia, na nataka ulijue hilo mwanzoni, usije ukatafuta mahali pa kutia mzaha. Mwanangu mdogo amelala mgongoni. Mkubwa, Ketsia, yuko shuleni. Sambaza wa leo, dagaa wetu wa ziwani, wameisha sokoni mapema, kwa hiyo nina saa moja, labda, na nimechukua daftari lake, kurasa za nyuma. Akiniuliza nitamwambia nilikuwa namwandikia Tonton, mjomba wake aliyekufa. Sasa naweza kulitaja hilo neno mbele yake. Kabla ya wiki iliyopita sikuweza, na kosa hilo lilikuwa lako, kisha likawa langu.

Ukumbi wetu, ile sine yako ya kuonyeshea filamu, umefungwa tangu tulipokuzika, isipokuwa Jumamosi iliyopita, nitakueleza. Mabenchi yapo. Pazia jeusi la dirishani panya wamelila pembeni. Ile manette ya mchezo wa video, yenye kidude cha kuruka ulichokifunga kwa plasta, bado inafanya kazi. Mikro yako nimeificha kwangu, ndani ya sufuria nisiyoitumia, kwa sababu Ketsia alikuwa akiishika bila umeme wala waya na kusema, "Alo, alo, Tonton, minakusikia." Siku ya tatu nikashindwa.

Hamza bado anashona nguo pale Kamembe, cherehani mlangoni, na bado anabishana na kila anayepita. Kwake manga, maana hapa katuni ya Kijapani tunaiita manga hata ile inayotembea kwenye skrini, ni ya kutazamwa kwa Kijapani, maandishi ya Kifaransa yakipita chini. "Muntu asome!" Na wewe ulikuwa unamjibu, "Mama wa sambaza asome saa ngapi, Hamza? Macho yake iko ku mutoto." Mlibishana hivyo miaka, na kila wiki alikuwa wa kwanza kukaa benchi la mbele. Yeye alimpenda Mzee Barafu, yule mbaya wa manga yetu, *Kengele Saba*, eti ndiye pekee anayesema ukweli. Mimi nilimpenda yule mwanamke wa hoteli aliyeonekana mara mbili tu, kwa sababu katika hadithi nzima ni mwanamke pekee aliyekaa chini akala. Mlinicheka. Wewe ulimpenda askari mwoga, yule anayekimbia kila vita na kurudi vumbi likishatulia, akisema alikuwa ameenda kukojoa. Wakati ule nilidhani ni kwa ajili ya kuchekesha.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya kazi? Wewe unasoma Kifaransa chini ya skrini, unakigeuza Kiswahili hapo hapo, sauti za wanaume zote ni zako. Za wanawake na watoto unaninong'oneza sikioni, nami nazitupa kwenye mikro, huku kompyuta inarekodi. Na kati ya maneno yao unatia yako. Yule msichana wa mkuki, anayepanda milima saba kupiga kengele saba, jina lake la Kijapani lilitushinda kulitamka, ukamwita Sifa. Akikimbia ulisema, "Muangalie Sifa! Anakimbia kama mama Ketsia ameona mvua juu ya sambaza zake!" Sine nzima inageuka kuniangalia.

Nilikuwa na furaha, Yaya. Nayo hiyo niiandike, isije ikapotea ndani ya hasira.

Kisha ikaja ile sehemu ya nne. Mama yetu tulikuwa tumemzika kule juu Mururu wiki tatu tu kabla ya hapo, na wewe ulisema turudi kazini, tusikae tukiangaliana nyumbani. Hukuwa umeitazama kabla, kama kawaida yako ya uvivu. Mama wa Sifa akapigwa mshale mtoni. Akaanguka. Maji yakamchukua. Sifa akafungua mdomo wake mkubwa kulia "Mama!" na hiyo sauti ilikuwa kazi yangu. Nikafungua wangu. Hakikutoka kitu. Skrini inalia bila sauti, watoto wa benchi la mbele wameanza kulia wenyewe, na mimi nimeshika mikro kama kijiko.

Ukaninyang'anya. Ukasema kwa ile sauti yako ya redio, "Munalia nini, batoto? Mama hakukufa. Amevuka maji, ameenda ku Bukavu kuleta bidhaa. Atarudia."

Sine ikapumua. Na mimi nikapumua. Nilikupenda siku ile kuliko siku zote, na laiti ungeishia hapo.

Lakini wewe ukishaona kitu kimekubalika huwezi kukiacha. Ukaubeba ule uongo kutoka sehemu ya nne hadi ya mwisho kasoro moja. Sifa akipiga magoti mbele ya picha ya mama yake, ubani unafuka, ulisema anatafuta network ampigie. Akifika kaburini, ulisema lile jiwe ni la mpaka, pale wanapokagua jeton, vile vikaratasi vya kuvukia Bukavu. Hata alipoota mama yake anapotea kwenye moshi, ulisema ndiyo hivyo, Bukavu vumbi ni jingi. Watu wazima walikufa kwa kucheka. Hamza alisimama juu ya benchi, mtu mzima na ndevu zake: "Weye unaharibu manga! Ile mama alikufa!" Ukamrushia sandali. Na Ketsia akaamini. Kwenye mchezo wa video, ule wa kupigana wenye watu wa manga hiyo hiyo, alimchagua mama wa Sifa kila mara, akaminya vidude vyote kwa pamoja, akasema, "Ona, iko muzima, anapiga teke."

Sasa tuje kwako.

Nilikuwa nimejifungua huyu mdogo kwa kupasuliwa. Siwezi kuinama, siwezi kucheka. Baba yao yuko Bugarama kwenye mashine za mpunga, anarudi siku moja kwa wiki. Ukaja, umekonda, ukasema ni jua. Ukamnyanyua Ketsia kidogo ukamweka chini haraka. Ukasema, "Minaenda ku Bukavu kuleta mikro mpya. Nitarudia." Nikakuambia uniletee kikwembe, kitenge cha kujifunga. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako ana kwa ana, Yaya. Kikwembe. Cha kijani, nikasema, kisichochuja.

Ukawa unanitumia sauti kwenye simu. "Siye huku tuko muzima, soko imejaa, mikro bado natafuta ya bei nzuri." Na nyuma yako nasikia soko kweli: watu, kelele, mwanamke anayetembeza samaki wake. Nikatulia. Nikakaanga sambaza zangu kwa amani.

Hukuvuka daraja la mpakani. Ulikuwa hospitali, upande wetu huu huu, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka mlangoni kwangu, figo zimekataa kazi. Hamza ndiye aliyekuwa anakuletea uji. Hamza, anayetaka kila kitu kisemwe kama kilivyo, ulimwapisha na akanyamaza, na akaja kuniambia siku umeshakufa, amesimama mlangoni na sentimita yake ya kupimia nguo shingoni. Nilimfukuza. Mwezi mzima sikumsalimu. Aliacha nguo alizomshonea mtoto juu ya jiwe la nje, na siku mbili sikuziingiza ndani.

Baada ya mazishi nilisikiliza tena zile sauti zako. Zote, moja baada ya nyingine, nikiwa nanyonyesha. Na nikamsikia vizuri yule mwanamke wa sokoni nyuma yako. "Samaki, mama, samaki ya leo, guseni!" Ni mimi. Ni sehemu ya tisa, soko la mlima wa tatu. Ulilala kitandani hospitali, ukawasha rekodi yetu kwenye simu nyingine, ukaniongopea juu ya sauti yangu mwenyewe.

Kwa hilo sijajua nitafanya nini. Kuna siku nalicheka. Kuna siku nataka kupanda Mururu nikupige.

Najua utasema nini. Kwamba nilikuwa na mshono, nilikuwa na mtoto mchanga, maziwa yangekauka. Hamza ameshaniambia yote hayo. Lakini mimi sikuwa mtoto wa benchi la mbele, Yaya. Ningekuja na mshono wangu. Ningekaa hapo pembeni ya kitanda, hata bila kusema kitu. Uji ule ningeupika mimi. Uliniokolea nini? Nililia vilevile, ila nililia nikiwa nimechelewa.

Na sasa lile kosa langu. Asubuhi ya mazishi nilimwacha Ketsia kwa jirani. Akauliza kwa nini watu ni wengi. Na mimi, niliyekuwa nakulaani tangu alfajiri, nikafungua mdomo ikatoka sauti yako: "Tonton ameenda Bukavu." Akauliza, "Atarudia na mama ya Sifa?" Nikasema ndiyo.

Ndiyo, Yaya. Nilisema ndiyo.

Tangu siku hiyo akawa anakubakishia chakula. Sambaza watatu, kila mlo, kwenye kibakuli cha bluu, anafunika kwa sahani. Akilala au akienda shule mimi nawala, ili akirudi akute kibakuli kitupu asiulize. Kwa hiyo akakuta kitupu, akajua unakuja wakati yeye hayupo. Akaanza kukataa shule. Akakaa mlangoni. Siku moja alikaa pale tangu asubuhi na sare yake, hakutaka hata kwenda msalani, asije akakukosa. Nilipotaka kumwinua akanipiga. "Weye unamufukuza! Anakuya nikienda!"

Hapo ndipo nilipoogopa. Niliona mtoto wangu atazeekea mlangoni kwa maneno matatu niliyoyaona ni ya huruma.

Nikaenda kwa Hamza. Sikumsalimu vizuri hata siku hiyo. Nikamwambia, "Ile sehemu ya mwisho unayo?" Akasema anayo, tangu zamani. Nikasema, "Kifaransa changu ni cha shule ya primaire tu. Utanisomea sikioni." Akaniuliza kama nitafuata ya kweli au ya Yaya. Nikamwambia ya kweli. Akashona mshono mzima kabla ya kujibu. "Batoto watakukasirikia." Nikasema wakasirike.

Lakini Ketsia sikutaka alisikie ukumbini. Ijumaa sisi wawili tulikuwa tunasafisha sambaza, beseni kati yetu. Nikamwambia, "Tonton hakuenda Bukavu. Tonton aliugua, akakufa. Tulimuzika Mururu, karibu na Koko, bibi yako. Nilikudanganya. Harudi." Akaendelea kuosha. Kisha akauliza, "Na sambaza zake?" Nikasema nilikula mimi. Akaniangalia kama mtu mzima anavyoangalia mwizi. "Zote?" Zote, nikasema. Hapo ndipo akalia, na alilia sana, na sikumnyamazisha, nilimshika tu na mikono yangu ya samaki. Jioni hakufunika kibakuli. Jumatatu akaenda shule.

Jumamosi tukafungua sine. Walikuja wote, hata wale wakubwa waliokuwa wamehamia kwenye simu zao. Nikatoa mikro kwenye sufuria. Hamza upande wako, mdogo mgongoni. Sifa akafika mlima wa saba. Kengele ya mwisho, Yaya, haikuning'inia kileleni. Yeye mwenyewe aliitundika juu ya kaburi la mama yake, lile jiwe lako la mpaka, na kuipiga. Sijui wewe ungesema nini pale. Nimejiuliza sana. Labda ungesema ni kengele ya douane, ya watu wa forodha.

Mimi nikasema, "Hapa ndipo mama yake alipolala. Alikufa kule mtoni, sehemu ya nne. Yaya aliwaficha. Aliwaficha kwa sababu yangu, nilishindwa kulia."

Kisha msichana mmoja wa benchi la pili, yule mwenye mdomo, akasema, "Tulijua! Mu jeux ya video lile jiwe iko na jina yake. Tulinyamaza juu Tonton alikuwa anapenda vile." Na wengine wakaitikia, ndiyo, tulijua. Unaona? Watoto walikuwa wanakuhurumia wewe. Wewe unanihurumia mimi, Hamza anakuhurumia wewe, mimi namhurumia Ketsia. Sine nzima inahurumiana kwa uongo, na mtu mmoja anakufa peke yake na bakuli la uji.

Ketsia akasimama juu ya benchi. Akawaambia, kwa ukali, kana kwamba kuna mtu alibisha, "Na Tonton naye alikufa." Akakaa. Hamza akashindwa kusoma. Mistari miwili ya mwisho sikuielewa, kwa hiyo niliiacha ilie kwa Kijapani, na Sifa alipofungua ule mdomo wake, safari hii sauti ilitoka. "Mama!" Ilitoka ndefu mno. Mdogo akaamka mgongoni akalia naye. Imerekodiwa hivyo hivyo, na sitaifuta.

Jana Ketsia aliniomba sehemu ya nne. Nilisita, nikamwekea. Ulipofika pale, "Ameenda ku Bukavu, atarudia," aliinua macho kwangu akatabasamu kidogo. "Tonton muongo," akasema. Kwa upole, Yaya. Kwa upole kuliko ninavyoweza mimi.

Mdogo anajinyoosha, saa yangu imeisha. Basi sikia ninachokuahidi. Sehemu zako zote zitabaki na sauti yako, na uongo wako wote ndani, sitamruhusu Hamza aguse hata moja. Kila Jumamosi nitafungua sine. Na huyu wa mgongoni, ambaye hukumbeba hata mara moja, akiuliza hiyo sauti ni ya nani, nitamwambia ni ya mjomba wake, na nitamwambia yuko wapi, na tutapanda wote Mururu akuone kwa jina lako juu ya jiwe.

Lala, Yaya. Kikwembe nimejinunulia mwenyewe. Ni cha kijani. Kinachuja.

Mdogo wako,
mama Ketsia